Chemsha bongo ya michezo: swali lisilo na mpaka halina jibu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa chemsha bongo ya michezo hausomwi kimyakimya. Asubuhi kwenye kijiwe cha kahawa, iwe Kariakoo au Buguruni, gazeti moja huzungukwa na watu saba: mmoja anasoma swali, sita wanajibu kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni jibu linalochapwa chini kwa herufi ndogo zilizopinduliwa. Mara nyingi ni kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo inayowashikisha watu wazima mashati, kwa sababu kila mmoja ana nusu yake. Tunaandika kueleza maswali haya yanaharibikia wapi na yatungwe vipi. Mifano tuliyoichagua kila msomaji anaweza kuihakiki mwenyewe.

Tuanze na la nyumbani. Uliza: "Filbert Bayi alipata medali gani ya Olimpiki?" Kijiwe kizima kitajibu dhahabu, mita 1,500. Sivyo. Dhahabu ile ni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand. Ilikuwa Februari 2, 1974. Bayi aliongoza tangu bastola ilipolia hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ya dunia ya zamani. Olimpiki ya Montreal 1976 Tanzania haikushiriki. Nchi nyingi za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi kuwepo. Medali ya Olimpiki ya Bayi ni fedha ya Moscow 1980, tena si ya mita 1,500 bali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alitumia dakika 8:12.48, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland aliyetumia 8:09.70. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Paris 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki za Tanzania.

Hata muda wa Christchurch una mtego. Kuna vitabu vinavyoandika 3:32.2 na vingine 3:32.16, na wasomaji hudhani mmojawapo ni uongo. Vyote viko sahihi. Mtambo wa umeme ulionyesha 3:32.16, lakini wakati ule rekodi za mbio za urefu huo zilithibitishwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo iliyoandikwa rasmi ni 3:32.2. Mtunzi wa swali anatakiwa akubali zote mbili, au aseme wazi anataka ipi. Na asichanganye mita 1,500 na maili. Maili ni mita 1,609.344, na rekodi ya Bayi ya maili ni nyingine kabisa: 3:51.0, Kingston, Jamaica, Mei 17, 1975. Hiyo haikudumu. Agosti mwaka huohuo Walker aliivunja kwa 3:49.4. Ile ya mita 1,500 ilikaa hadi Agosti 1979 alipoichukua Sebastian Coe.

Swali jingine linalopendwa: "Tanzania ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka gani?" Jibu ni 1964, Tokyo, na hapo hakuna ubishi. Ubishi unakuja ukiuliza kwa jina gani. Michezo ile ilifungwa Oktoba 24, 1964. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 29, siku tano baadaye. Anayejibu "Tanganyika" usimnyang'anye pointi kabla hujaitazama kalenda.

Kuhusu John Stephen Akhwari, swali huandikwa "aliyeshika nafasi ya mwisho Mexico 1968". Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni ile. Walioanza walikuwa 75. Wenzake 18 waliacha njiani, na mtu aliyefika hawezi kuwa nyuma ya mtu ambaye hakufika. Swali sahihi litasema "wa mwisho kati ya waliomaliza". Maneno matano tu yanayomrudishia mzee heshima yake.

Neno marathoni lenyewe limechoka hapa mjini. Kila Jumapili kuna tangazo la "marathoni ya kilomita 5". Hakuna kitu cha namna hiyo. Marathoni ni kilomita 42.195, nusu marathoni ni 21.0975, zilizobaki ni mbio za kilomita 5 au 10, na hazipungukiwi chochote kwa kuitwa hivyo. Urefu huo ulikimbiwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London 1908, ukakubaliwa kuwa wa kudumu mwaka 1921. Kwa hiyo swali la "nani alishinda marathoni ya kwanza ya Olimpiki" lina jibu, Spyridon Louis wa Ugiriki, Athens 1896, lakini usiambatanishe kilomita 42.195, maana siku ile ilikuwa takriban 40.

Wakimbiaji wa barabarani nao huleta malalamiko: saa ya mkononi imesoma kilomita 42.6, basi njia ilipimwa vibaya. Haikupimwa vibaya. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, baiskeli yenyewe ikiwa imesahihishwa kwanza juu ya mstari uliopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji hufuata mkato mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kila kona, kisha huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Marathoni nzima inabeba nyongeza ya kama mita 42. Mkimbiaji anayepanua kona, anayehama upande kufuata maji, na ambaye saa yake inasoma setilaiti katikati ya maghorofa ya Posta, ni lazima atasoma zaidi.

Hapo ndipo swali la Boston linapopata utamu. Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston 2011 kwa 2:03:02, kasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia kwenye marathoni hadi siku hiyo, na bado haikuwa rekodi ya dunia. Sheria inataka mwanzo na mwisho wa njia visitengane, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima. Boston inaanzia Hopkinton na kuishia mjini, karibu mstari mmoja, na inashuka zaidi ya mita 130. Imeanguka mitihani yote miwili. Kwa hiyo "muda bora wa marathoni" na "rekodi ya dunia ya marathoni" ni maswali mawili. Ya tatu ni ile ya Eliud Kipchoge, 1:59:40.2, Vienna, Oktoba 12, 2019. Haikuwa rekodi kwa sababu nyingine: wasukuma kasi walipokezana njiani, alipewa vinywaji na watu waliokuwa kwenye baiskeli, na hayakuwa mashindano ya wazi. Swali likisema tu "mtu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili", mtunzi aeleze anataka ya Vienna au ya mashindano yaliyoidhinishwa.

Tukiwa bado Boston: Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili pale mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Aliyoshinda ni New York ya 1989, kwa 2:08:01. Wengi huziunganisha wakamfanya bingwa wa Boston.

Alphonce Simbu naye amewapa watunzi swali bora la miaka ya karibuni. Septemba 2025, Tokyo, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, kwa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani alipewa muda huohuo, 2:09:48. Sasa kijana wa kijiweni anauliza: kama muda ni mmoja, mshindi kapatikanaje? Kwenye barabara muda huandikwa kwa sekunde nzima, ila nafasi huamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho, na picha ilitoa tofauti ya sekunde 0.03. Kinachosomwa ni kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi, ndiyo maana wakimbiaji wanatupa kifua mbele. Kwa kasi ya mita sita kwa sekunde, 0.03 ni kama sentimita 18, baada ya kilomita 42.

Kwenye kuogelea mambo ni kinyume, na watu hushangaa. Bwawa haligawi sekunde zaidi ya mara mia. Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani kwa sekunde 0.002. Baada ya hapo wakubwa wa mchezo wakaacha kutumia sehemu za elfu. Sababu ni ya fundi ujenzi: muogeleaji wa kasi ya mita mbili kwa sekunde huenda milimita mbili kwa sehemu moja ya elfu, na hakuna fundi wa kukuhakikishia kwamba njia nane za bwawa la mita 50 zinalingana hadi milimita mbili. Ukuta wenyewe ungekuwa unagawa medali. Matokeo yake ni Rio 2016, mita 100 kipepeo, ambapo Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh walipata fedha wote watatu kwa 51.14, na shaba haikutolewa. Swali la "nani alipata shaba" katika mbio hizo ni mtego halali, na tunaupenda.

Kuna kundi la maswali yanayooza kwa sababu kifaa kilibadilishwa. "Nani amerusha mkuki mbali kuliko wote?" Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki, mita 104.80, mwaka 1984. Rekodi ya dunia ya mkuki wa wanaume? Jan Železný wa Jamhuri ya Czech, 98.48, mwaka 1996. Mkuki wa gramu 800 ulitengenezwa upya na kuanza kutumika 1986, uzito ukasogezwa mbele, kwa sababu ulianza kukaribia kuvuka uwanja, na kwa kuwa ulitua kwa tumbo, waamuzi walibishana kama ncha imegusa kwanza. Mkuki mpya hushusha pua mapema. Rekodi zikaanza upya. Julius Yego wa Kenya alishinda ubingwa wa dunia Beijing 2015 kwa 92.72, na hiyo ipimwe kwa mkuki mpya, si kwa ule wa Hohn.

Sasa soka, ambalo linakula nafasi kubwa ya ukurasa na ndilo lenye makosa ya kizembe zaidi. Vipimo vya goli, mita 7.32 kwa 2.44, kila mtu anavijua. Wachache wanajua kwamba nguzo na mtambaapanya havitakiwi kuzidi unene wa sentimita 12, na kwamba mstari wa goli lazima ulingane unene na nguzo. Hilo lina maana uwanjani, kwa sababu goli ni mpira mzima kuvuka mstari mzima. Mistari ya viwanja vyetu vya vumbi ikimwagwa chokaa kwa jembe inakuwa minene kuliko nguzo, na ubishi wa "umeingia, haujaingia" unaanzia hapo.

Uliza kijiweni: mpira wa kurusha ukienda moja kwa moja golini bila kuguswa na mtu, mwamuzi anatoa nini? Wengi wanajua si goli. Kinachowashinda ni sehemu ya pili. Ukiingia goli la wapinzani ni goli kiki; ukiingia goli lako mwenyewe ni kona. Na hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, goli kiki wala kona. Timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba mchezo hauendelei. Haya hayabadiliki ovyo.

Yanayobadilika ndiyo yanayoumiza. Kwa miaka mingi jibu la "kipa anaruhusiwa kukaa na mpira mikononi sekunde ngapi" lilikuwa sita, na adhabu ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Tangu Julai 2025 sheria inasema sekunde nane, adhabu ni kona, na mwamuzi huhesabu tano za mwisho kwa kuinua mkono na vidole. Mtu aliyesoma sheria za 2024 atajibu sita kwa dhati kabisa. Si mjinga, amechelewa tu. Swali la sheria lolote liandikwe "kwa sheria za msimu huu".

Majina ya mashindano nayo yanadanganya. Afcon 2023 ilichezwa Ivory Coast kati ya Januari na Februari 2024. CHAN 2024 ilichezwa Agosti 2025, hapa kwetu, Kenya na Uganda. Olimpiki ya Tokyo 2020 ilifanyika 2021. Ukiuliza "mwaka gani", sema kama unataka mwaka ulio kwenye jina au mwaka wa kwenye kalenda. "Mfungaji bora wa Kombe la Dunia" ni swali linalokosa vitu vitatu kwa mpigo: wanaume au wanawake, fainali moja au zote, na hadi lini. Fainali moja ni Just Fontaine wa Ufaransa, mabao 13, mwaka 1958. Jumla ya wanaume, hadi fainali za 2022 zinamalizika, ni Miroslav Klose wa Ujerumani, 16. Marta wa Brazil ana 17 kwenye Kombe la Dunia la wanawake, na orodha nyingi zinamsahau kwa sababu mtunzi hakuona haja ya kuandika neno "wanaume". Halafu kuna 1950. Ukiuliza "fainali ya 1950 iliishaje", jibu la kitaalamu ni kwamba haikuwepo. Bingwa alipatikana kwa kundi la mwisho la timu nne, na mechi ya Uruguay kuifunga Brazil 2-1 pale Maracanã ilitokea tu kuwa ndiyo ya kuamua.

Tukirudi Msimbazi na Jangwani, hapa inabidi kuandika kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. "Klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya Afrika" ni Simba, Kombe la CAF 1993, dhidi ya Stella Abidjan. "Klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya Kombe la Shirikisho" ni Yanga, 2023, dhidi ya USM Alger. Yote mawili ni kweli, kwa sababu Kombe la Shirikisho lilianza 2004 baada ya Kombe la CAF kuunganishwa na Kombe la Washindi. Simba ilifika fainali ya Shirikisho 2025, ikakutana na RS Berkane. Na usiandike kamwe kwamba Yanga ilifungwa kwa jumla ya mabao mwaka 2023. Ilipoteza 2-1 kwa Mkapa, ikashinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2. Kombe lilikwenda Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Shabiki wa Yanga atakayekudai pointi hapo ana haki yake, hata kama mtani hatafurahi.

Kipigo kikubwa cha dabi ya Kariakoo kwa tofauti ya mabao ni Simba 6-0, Julai 19, 1977, ambapo Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Simba 5-0 ni Mei 2012, Yanga 5-1 ni Novemba 2023. Mtu akiuliza "kipigo cha mabao matano" bila mwaka, ametafuta ugomvi kwa makusudi.

Wachezaji wetu wa nje wana makosa yao madogomadogo. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili, si wa kwanza, katika uteuzi wa NBA wa 2009, na Memphis Grizzlies. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Bao la kwanza la Mtanzania kwenye Ligi Kuu ya England ni la Mbwana Samatta akiwa Aston Villa dhidi ya Bournemouth, Februari 1, 2020. Lile la Wembley dhidi ya Manchester City, mwezi mmoja baadaye, ni la fainali ya Kombe la Ligi. Si la ligi.

Michezo mingine tuipitie haraka. Ringi ya mpira wa pete na ya mpira wa kikapu ziko urefu mmoja, mita 3.05, lakini ya pete ina kipenyo cha sentimita 38 na haina ubao nyuma yake, ya kikapu ina 45. Katika pete wafungaji ni GS (goal shooter) na GA (goal attack) pekee, na mpira hauruhusiwi kukaa mkononi zaidi ya sekunde tatu. Robo ya kikapu ni dakika 10 kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na 12 kwa NBA, ligi ya Marekani. Faulo za kukutoa ni tano kwa FIBA, sita kwa NBA, hivyo swali lisilotaja chama halijakamilika. Nyavu ya wavu ni mita 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake. Seti ni pointi 25, ile ya tano ndiyo 15. Mpira wa meza unaishia 11 tangu 2001, na wazee wanaosema 21 wanakumbuka sawasawa mchezo waliocheza wao. Raga, trai ni pointi tano.

Bao la kete hatulioni kamwe kwenye ukurasa huu, na ni aibu kidogo kwa gazeti la Kiswahili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Kete za mkononi zikiisha ndipo mtaji, hatua ya pili ya mchezo, unaanza. Hapo pana maswali kumi mazuri bila kugusa Ulaya.

Namna ya kutunga, kwa anayeandaa ukurasa au bonanza la mtaani. Andika jibu kwanza, kisha swali. Mpe swali mtu mkorofi, si rafiki mpole, umwambie atafute jibu la pili. Akilipata, usibishane naye. Ongeza neno kwenye swali hadi jibu la pili life. Hakiki kwa mwenye mchezo: kitabu cha sheria cha IFAB kwa soka, matokeo ya World Athletics kwa riadha, FIBA kwa kikapu. Simu hujibu kwa kujiamini hata inapokosea. Nyuma ya kila kadi andika tarehe uliyohakiki, na kadi ya rekodi iliyopita miezi sita irudi mezani kabla ya kutumika. Maneno "wa kwanza", "pekee", "mkubwa kuliko wote" na "wa sasa" yapigie mstari mwekundu, maana swali likivunjika huvunjikia hapo.

Katika maswali 20, soka lisizidi manane, la sivyo unapima ushabiki badala ya ujuzi. Sekunde 20 zinatosha kwa jina, 60 kwa hesabu. Jina la mgeni likubalike kwa masikio, hata likiandikwa Malinovski, ila mwaka usiwe na huruma. Pingamizi zipokelewe kabla raundi haijafungwa, kwa maandishi, mbele ya mwamuzi mwenye karatasi ya vyanzo. Zikija baada ya zawadi kutolewa hazisikilizwi. Timu zikilingana, usirudi kwenye maswali ya mbio za kidole, kwa sababu aliye karibu na meza husikika kwanza. Toa swali la namba, kila timu iandike kwenye karatasi, zikusanywe pamoja, aliye karibu zaidi ashinde.

Swali la kuvunjia sare linalofanya kazi vizuri ni hili: uwanja wa riadha una mita 400 katika njia ya kwanza, mtu akikimbia mzunguko mmoja katika njia ya nane amekwenda mita ngapi? Njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, nyingine sentimita 20 kutoka mstari wake wa ndani, na kila njia ina upana wa mita 1.22. Njia ya pili inazidi kwa mita 7.04, kila inayofuata inaongeza 7.67. Jibu ni mita 453.03, na anayefanya mazoezi huko nje kwa mizunguko 25 akidhani ni kilomita 10 amekimbia 11.3.

Watunzi wa maswali ya michezo,
Magomeni, Dar es Salaam